Vifaa kinga vikae kwenye troli, visikae stoo

Moyo wa mgonjwa ukisimama, hakuna muda wa kikao. Mdundo ukiwa umevurugika kwa namna ile inayoweza kurudishwa na mashine ya kushtua moyo, kila dakika inayopita bila kifua kukandamizwa na bila mshtuko inamwondolea mgonjwa asilimia 7 hadi 10 ya nafasi yake ya kuishi. Sasa weka pembeni mwa hesabu hiyo kazi ya kuvaa: gauni, kofia, barakoa, miwani, glovu jozi mbili, aproni. Aliyezoea, na kila kitu kiko karibu, huchukua dakika chache. Asiyezoea, au anayemsubiri mwenye ufunguo wa stoo aamshwe nyumbani, hatujui atamaliza saa ngapi.

Mjadala wa vifaa kinga na kazi ya kuhuisha wagonjwa umezoea kuendeshwa kwa pande mbili zisizosikilizana. Wapo wanaosema mtu aliyekula kiapo hapaswi kuhesabu glovu wakati binadamu anakata roho. Wapo wanaosema bila suti kamili hakuna kugusa mtu, basi. Wote wawili wanamtupia mzigo mtu aliyesimama mlangoni saa nane usiku, na wote wawili wanamsahau yule aliyepaswa kuandaa mambo saa nane mchana.

Msimamo wetu ni huu. Palipo na shaka ya homa ya kuvuja damu, au ugonjwa mkali unaosambaa kwa hewa, mhudumu hamgusi mgonjwa kabla hajavaa. Na hospitali ambayo wahudumu wake hawawezi kuvaa upesi, kusikilizana wakiwa wamefunika midomo na kupokezana kabla hawajaishiwa nguvu, imeshindwa kazi yake hata kama stoo imejaa makatoni hadi darini.

Ukanda wetu una sababu zake za kuwa mkali. Mwaka 2000 Ebola iliingia Gulu, kaskazini mwa Uganda. Dakta Matthew Lukwiya, mganga mkuu wa Hospitali ya Mtakatifu Maria, Lacor, aliushtukia ugonjwa mapema, akaandaa wodi ya kuwatenga wagonjwa na kuwasimamia wahudumu wake wavae ipasavyo. Alfajiri moja ya Novemba aliamshwa. Muuguzi wake mwenyewe, aliyelazwa na ugonjwa huo huo, alikuwa anatapatapa kutafuta pumzi huku damu ikimtoka. Lukwiya alivaa barakoa, kofia, gauni na glovu, akaingia. Macho hakuyafunika. Alifariki tarehe 5 Desemba 2000, na waliokuwa naye waliamini kwamba ni usiku ule uliomponza. Mlipuko huo uliorodhesha wagonjwa 425, na 224 kati yao walikufa.

Hatulirudii tukio hili ili kumlaumu marehemu. Tunalirudia kwa sababu mtu aliyesimamia utaratibu kuliko wote ndiye aliyeruka hatua moja, na aliiruka kwa kuwa mtu anayemfahamu alikuwa anakufa mbele yake. Ndiyo maana hatuamini kwamba jambo hili linamalizwa na semina ya kuwaambia wahudumu wawe makini. Lukwiya alikuwa makini. Kilichohitajika saa ile ni miwani iliyokaa pale pale barakoa ilipokaa, na mwenzake mmoja mlangoni mwenye mamlaka ya kumwambia, "Dokta, bado macho."

Tangu wakati huo hatujapumzika. Oktoba 2022 daktari kijana Mtanzania, aliyekuwa akisomea upasuaji Uganda, alifariki kwa Ebola katika mlipuko ulioanzia Mubende. Machi 2023 Marburg ilitangazwa Kagera: watu 9 waliugua na 6 wakafa, wahudumu wa afya wakiwemo. Januari 2025 ikarudi mkoa huo huo, safari hii Biharamulo, ikaondoka na watu 10. Katikati ya milipuko hiyo miwili Rwanda nayo ilipigwa, kuanzia Septemba 2024. Watu 66 waliugua, 15 wakafariki, na sehemu kubwa ya waliougua walikuwa wahudumu wa afya, wengi wao wa vitengo vya wagonjwa mahututi mjini Kigali. Hao ni watu wanaoingiza bomba la hewa kooni, wanaonyonya makohozi, wanaoinama juu ya kifua. Ugonjwa uliwapata palepale kazi ya kuokoa maisha inapofanyikia.

Lakini Kigali imetupa pia habari ya upande wa pili. Wagonjwa wawili wa Marburg waliokuwa wamewekewa mashine ya kupumulia walitolewa bomba wakiwa hai, na mkuu wa Shirika la Afya Duniani alisema hilo lilikuwa halijawahi kutokea Afrika kwa ugonjwa huo. Anayesema huduma nzito haiwezekani ndani ya mavazi ya kinga amejibiwa.

Inawezekana, ila ina gharama, na gharama hiyo isemwe wazi.

Kipimo cha kukandamiza kifua cha mtu mzima kinajulikana: kishuke sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kiachwe kirudi juu chote, na wakandamizaji wapokezane kila baada ya dakika 2. Je, suti inaharibu kipimo hicho? Tafiti zilizofanywa kwa midoli ya mazoezi zimetoa majibu yanayopishana. Baadhi ziliona kina kikipungua na mwendo ukishuka. Uchambuzi uliokusanya tafiti hizo kwa ajili ya kamati ya kimataifa ya miongozo ya uhuishaji, mwaka 2023, ulipima yote kwa pamoja na kukuta kwamba ubora wa ukandamizaji haukushuka kwa kiasi cha kutisha. Kilichoonekana ni uchovu mkubwa zaidi. Kamati ikashauri wavaaji wa vifaa kinga waangaliwe uchovu kwa karibu kuliko wengine.

Tunaupokea ushauri huo, na tunaongeza neno letu. Mdoli hatapiki. Chumba cha majaribio hakina ndugu wanaogonga mlango. Wala majaribio hayo hayakufanyika katika wodi ya bati ya Pangani mwezi Februari, umeme ukiwa umekatika. Mwangalie muuguzi anayekandamiza kifua ndani ya suti ya plastiki katika wodi kama hiyo. Dakika ya kwanza mikono yake iko sawa. Ya pili jasho limeshajaa ndani ya glovu ya chini na vidole vinateleza. Ukungu umeanza kupanda kwenye miwani kutoka chini, anaona nusu ya juu ya kifua tu. Barakoa imelowa, kila akivuta pumzi inamganda puani. Hawezi kujifuta, hawezi kusukuma miwani kwa kiganja, maana kiganja kina damu ya mgonjwa. Anahesabu kwa sauti, na sauti yenyewe haifiki ng'ambo ya kitanda.

Mwili unajipoza kwa jasho linalokauka, na ndani ya plastiki halikauki. Timu zilizopambana na Ebola Afrika Magharibi kati ya 2014 na 2016 zilijiwekea kikomo cha takriban saa moja ndani ya suti, na jua likiwa kali zilitoka mapema zaidi. Hiyo ni kwa kazi ya kawaida ya kulisha, kunywesha na kufunga dripu. Kukandamiza kifua ni kazi ya suluba. Kwa hiyo kanuni ya dakika 2 iwe ukomo wa juu, na kiongozi wa timu aruhusiwe kubadilisha mtu hata baada ya dakika moja bila anayebadilishwa kuona ameaibishwa. Wanaume vijana wa zamu ndio wabishi zaidi katika hili. Hawataki kupokelewa.

Kinachotusumbua zaidi ya mikono ni masikio. Timu ya kuhuisha huendeshwa kwa maneno: nani akandamize, dawa gani iingie, nani apishe mashine ishtue. Ukifunika midomo sita kwa barakoa nzito na kuvisha vichwa kofia zinazoziba masikio, "adrenalini" na "atropini" zinabaki na mwisho mmoja tu unaosikika. Zote mbili zimo kwenye troli, na kuzichanganya si jambo la mzaha. Watu pia hawatambuani. Daktari anaamuru "wewe fungua laini" na watatu wanatazamana, kwa sababu wote wamevaa njano na hakuna mwenye sura.

Dawa ya hayo ni ya bei ndogo kuliko barakoa zenyewe. Jina na kazi ya mtu viandikwe kifuani kwa kalamu nene kabla hajaingia, na saa aliyoingia iandikwe chini yake, kama timu za Ebola zilivyozoea kufanya. Kila amri irudiwe na aliyepewa. "Sista Rehema, adrenalini miligramu 1." "Adrenalini miligramu 1, Dokta." Kisha, baada ya kuichoma: "Adrenalini miligramu 1 imeingia." Wasiozoea huona mazungumzo haya ni ya kitoto. Acha waone hivyo, mgonjwa apate dawa iliyo sahihi. Ubao mdogo mweupe mlangoni, au simu iliyotiwa ndani ya mfuko wa plastiki na kuwekwa kipaza sauti, huunganisha walio ndani na aliye nje anayeandika muda na kuchota dawa.

Vidole navyo vina malalamiko. Kupapasa mshipa wa shingo kwa glovu mbili ni kama kutafuta punje ya mchele ndani ya mfuko wa suruali nene, na ndiyo sababu timu nyingi hupoteza sekunde zikibishana kama mapigo yamerudi au la. Kifaa cha kusikilizia kifua hakipenyi chini ya kofia ya suti. Palipo na mashine ya kuonyesha hewa ukaa inayotoka kwenye bomba, itumike hiyo. Pasipo nayo, basi mwenye vidole vya uzoefu ndiye aingie, na mwanafunzi abaki nje akiandika. Miongozo ya wakati wa UVIKO-19 ilisisitiza jambo hilohilo kuhusu bomba la hewa: aliweke aliye hodari kuliko wote zamu hiyo, mara moja, ukandamizaji ukisimamishwa kidogo, na chujio liwepo kati ya bomba na mfuko wa kupumulisha.

Hata barakoa yenyewe si ya kuaminiwa kwa macho tu. Ile ya N95 huchuja angalau asilimia 95 ya chembe ndogo, lakini kwa sharti kwamba imekaa usoni bila mwanya. Watafiti wa Korea Kusini waliowapima wahudumu wakiwa wanakandamiza vifua vya midoli waliona kwamba kuinama na kuinuka kule kunaisogeza barakoa, na hewa isiyochujwa ikapita pembeni. Mwenye ndevu nene ana tatizo tangu mwanzo. Nani hapa kwetu amepimwa barakoa inayomkaa? Katoni inakuja na ukubwa mmoja, dada mwenye uso mwembamba anafunga fundo kwenye mpira na kusonga mbele.

Tuseme pia kuhusu ndugu, maana wao huwa hawatajwi kwenye miongozo. Mlango wa wodi umefunguka, binti anamwona mama yake amelegea kitandani, na hatua tano kutoka pale watu watatu wanafunga kamba za gauni. "Dada, mama anakufa nanyi mnavaa nguo?" Hilo ni swali la haki. Likikosa wa kulijibu linageuka ngumi, na tumeshasikia visa vya kutosha vya wauguzi kupigwa. Timu iwe na mtu mmoja asiyeingia ndani, kazi yake ni ndugu tu: "Njoo hapa nami, mdogo wangu. Yule wa kwanza ameshavaa, anaanza sasa hivi. Nitakueleza kila kinachofanyika." Katika mlipuko wa Kivu Kaskazini na Ituri, 2018 hadi 2020, ulioua watu 2,287 kati ya wagonjwa 3,470, hofu ya watu waliofunikwa gubigubi ilikuwa sehemu ya sababu wananchi kukimbia vituo vya matibabu. Shirika la ALIMA lilipeleka Beni chumba cha plastiki angavu kiitwacho CUBE, chenye mikono ya glovu iliyojengwa ukutani. Daktari anahudumia akiwa nje na nguo zake za kawaida, na mke anamwona mumewe akilishwa. Hakimalizi kila kazi, lakini kimeonyesha kwamba kinga inaweza kuvishwa chumba badala ya kuvishwa mtu.

Tukubali kwamba wakubwa wa dunia nao hawakuwa wamoja. Toronto, wakati wa SARS mwaka 2003, iliripotiwa kwamba huenda wahudumu waliambukizwa walipokuwa wakimhuisha mgonjwa. Tangu hapo swali likabaki: kukandamiza kifua kunarusha chembe za kuambukiza hewani au hakurushi? UVIKO-19 ilipofika, Uingereza iligawanyika hadharani. Taasisi ya afya ya umma ilisema ukandamizaji pekee haumo kwenye orodha ya kazi zinazorusha chembe. Baraza la uhuishaji la nchi hiyo hiyo likawaambia wahudumu wavae kinga kamili. Marekani nayo ilibadilisha mwongozo wake zaidi ya mara moja. Kamati ya kimataifa, Aprili 2020, ilitafuta njia ya kati: wahudumu wavae kinga ya hewa kabla ya kukandamiza, lakini wanaweza kufikiria kushtua moyo kwanza, kwa sababu kubandika pedi na kubonyeza kitufe ni kazi ya muda mfupi na faida yake ni kubwa mno. Muuguzi wa zamu ya usiku Nachingwea hawezi kuachiwa aamue peke yake kesi iliyowashinda hao wote. Hospitali imwamulie mapema, kwa maandishi, ukurasa mmoja, ubandikwe ukutani.

Na uamuzi huo uanze kwa kutofautisha wagonjwa. Tunaona hatari mbili zikikimbizana. Moja ni kuingia mikono mitupu. Nyingine, isiyosemwa sana, ni kumvalia kila mtu kana kwamba ana Ebola. Mzee aliyeanguka kwa shtuko la moyo kwenye foleni ya kliniki ya kisukari hahitaji suti ya plastiki. Glovu na barakoa zinatosha, na mikono ianze mara moja. Kila mgonjwa anayelazwa aandikiwe tangu mapokezi kiwango cha kinga atakachohitaji akizidiwa, kwenye faili na kwenye kitanda, kwa rangi ikibidi. Swali la kama ana homa, ametoka wapi, amezika nani wiki iliyopita, liulizwe wakati anaweza kujibu. Na yule ambaye ugonjwa wake umefika mwisho, ambaye kukandamiza kifua kutamvunja mbavu tu bila kumrudisha, familia yake izungumziwe mapema na daktari mkubwa. Mazungumzo hayo ni magumu, lakini kuyakwepa ni kuwavisha watu sita na kuwahatarisha kwa kazi ambayo kila mmoja wao anajua haitafaulu.

Wodi ya kutengwa iwe na mtu mmoja aliyevaa tayari kila saa, wakipokezana. Wagonjwa wenye moyo wa mashaka wabandikwe pedi mapema. Chini ya troli ya dharura kuwe na mfuko uliofungwa wenye seti nne kamili za ukubwa tofauti, miwani na barakoa zikiwa zimefungwa pamoja ili moja isitoke bila nyingine. Mfuko huo ukaguliwe kila zamu inapokabidhiana, kama dawa za kulevya zinavyohesabiwa. Wanaoingia wawe wanne au watano. Umati wa wanafunzi ubaki nje ya kioo.

Wananchi nao wasichanganywe na miongozo ya wodini. Mtu akianguka stendi ya mabasi, piga kelele ya msaada, agiza mashine ya kushtua kama ipo, kandamiza kifua. Kama unahofia maambukizi, acha kumpulizia mdomoni, na unaweza kumfunika mdomo na pua kwa kitambaa. Inatosha.

Wakati mwingine tunasikia kwamba kinga ni jambo la kigeni lililoletwa kuwachelewesha madaktari. Historia inachekesha hapo. Glovu za mpira za upasuaji zilipata umaarufu katika hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, karibu mwaka 1890, baada ya daktari William Halsted kumwagizia muuguzi Caroline Hampton jozi yake kwa sababu dawa ya kuulia vijidudu ilimchubua ngozi. Mwaka 1960, kutoka Johns Hopkins hiyo hiyo, Kouwenhoven, Jude na Knickerbocker walichapisha maelezo ya kukandamiza kifua bila kukipasua, na dunia ikaanza kujifunza. Aliyemkinga muuguzi na waliomrudisha mgonjwa walitembea korido zile zile.

Kuhusu mafunzo, hatuna haja ya kuvuka bahari. Mwaka 2009 Tanzania ilianza kuwafundisha wakunga wa hospitali 8 namna ya kumsaidia mtoto asiyepumua ndani ya dakika ya kwanza, kwa mdoli rahisi na mfuko wa kupumulisha. Matokeo yaliyochapishwa 2013 yalionyesha vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikipungua kwa asilimia 47. Haydom, mkoani Manyara, walikwenda mbali zaidi na kugundua jambo ambalo kila mratibu wa semina angepaswa kulibandika ofisini: kozi ya siku moja peke yake haikubadilisha kilichofanyika kwenye chumba cha kujifungulia. Kilichobadilisha ni mazoezi mafupi, ya mara kwa mara, yanayofanyika wodini kwenyewe. Vifo vikapungua.

Mdoli upo. Wodi ipo. Tunachoomba ni mazoezi hayo hayo yafanywe watu wakiwa wamevaa. Dakika kumi kila wiki, zamu ya usiku ikiwemo, saa mkononi: kuanzia kengele hadi mkandamizo wa kwanza. Suti zilizopita muda wake wa matumizi, ambazo sasa hivi zinasubiri kuchomwa, zinafaa kabisa kwa mazoezi. Kuna watakaotaka tununue kwanza mashine za kukandamiza kifua, kama LUCAS iliyotokea Lund, Sweden. Ni mashine nzuri, haichoki na haitoi jasho. Lakini bei yake ni ya hospitali za kanda, na hata hiyo mashine lazima iwekwe kifuani na mtu aliyevaa.

Mazoezi yasiishie kwenye kuvaa. Hatari kubwa iko kwenye kuvua. Timu imetoka, mgonjwa amepona au amefariki, miguu inatetemeka, kila mtu anataka kung'oa barakoa apumue. Hapo ndipo glovu chafu inapogusa jicho. Msimamizi wa kuvua awe mtu mbichi ambaye hakuwa ndani, asome hatua moja moja kwa sauti, asikubali kuharakishwa hata na bosi wake. Baada ya hapo pawe na maji ya kunywa, kiti, na dakika kumi na tano ambazo hakuna anayemwita mtu wodi nyingine. Posho ya mazingira hatarishi ilipwe, isibaki kuwa ahadi ya Mei Mosi.

Wizara tunaiomba jambo moja dogo kwa sasa. Daftari la dharura la kila wodi liongezewe safu ya muda kati ya kuitwa kwa timu na mkono wa kwanza kugusa kifua, na nyingine ya aina ya kinga iliyovaliwa. Takwimu hizo zipande wilayani hadi mkoani kila robo mwaka pamoja na zile za malaria na uzazi. Bohari ya Dawa itajua ni wapi pa kupeleka ukubwa gani wa suti, na mganga mfawidhi ambaye timu yake inatumia dakika nane ataitwa aeleze kwa nini.